Natoka kazini saa kumi na moja jioni, akili inatoka saa nne usiku. Mnafungaje siku, wenzangu?

#1 Daftari Jekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mhasibu. Kazi yangu haina jasho wala jua, nakaa kwenye kiti napambana na vocha na taarifa za benki. Saa zangu zinajulikana: naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni. Mtu akiniuliza kama kazi inanibana nasema hapana, mbona narudi nyumbani jua halijazama? Nimejidanganya hivyo kwa miaka.

Jumapili iliyopita nilikuwa sebuleni, simu mkononi, nafukuzana na tofauti moja ya hesabu iliyonishinda Ijumaa. Pembeni wanangu wawili wanacheza mchezo wa nyumba. Mkubwa ana miaka saba, ndiye anayegawa nafasi: yeye mama, mdoli ni mtoto, mdogo wake wa miaka minne ni baba. Akampa kipande cha ubao, akamwambia, "Wewe kaa pale. Tukikuita sema subiri kidogo." Mdogo akakaa. Akaitwa, akasema subiri kidogo. Akaitwa tena, subiri kidogo. Mara ya tatu akatupa ubao chini: "Sitaki kuwa baba, baba hachezi!"

Wala hawakuwa wananisema. Walikuwa wanacheza tu, na nafasi ya baba ndiyo hiyo wanayoijua.

Sasa hiyo tofauti yenyewe, wahasibu wenzangu mtacheka. Ilikuwa 180. Mahali fulani 5,460 imeandikwa 5,640. Kila anayeanza kazi hii anafundishwa: tofauti ikigawanyika kwa 9, anza kutafuta tarakimu zilizopinduka. Mimi niliihangaikia Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili, hilo halikunijia. Jumatatu asubuhi nikaiona kabla kiti hakijapata joto.

Kwa hiyo siulizi mtu afanye kazi saa ngapi. Saa zangu ni za kawaida kabisa. Nauliza: mwili ukishatoka ofisini, akili mnaitoaje?

#2 Mbio Ndefu

Mkuu, pole, ila naona unajitafutia kesi. Kufikiria kazi ukiwa nyumbani ni dalili kwamba unaipenda. Mimi naandika programu, mara nyingi jibu linanijia nikiwa naoga. Nitaiambia akili isifikirie?

Halafu ujana ndio wakati wa kukimbia. Kwa wiki nagonga saa 70 na ninasonga mbele. Kupumzika kupo, tutapumzika tukizeeka.

#3 Zamu ya Usiku

Daftari Jekundu, mimi ni muuguzi, na nadhani nina kitu cha kukupa.

Sisi hatuondoki wodini kwa sababu saa imefika. Tunaondoka tukishakabidhi. Anakuja mwenzangu, tunapita kitanda kwa kitanda, na kila kitu kinaandikwa: kitanda cha 6, dripu ya pili, itaisha saa tisa. Kitanda cha 9, homa imeshuka, majibu ya damu bado yako maabara, fuatilia. Kitanda cha 11, amekataa dawa ya jioni, ongea na binti yake akija. Mwenzangu akisema "nimepokea," basi. Naweza kufika nyumbani nikalala kama gogo, na wagonjwa wangu hawajapona hata mmoja.

Sikiliza hapo: hakuna kilichoisha. Hakuna siku hata moja wodi "imeisha". Ninacholala nacho ni kwamba kila kitu kina mahali na kina mtu.

Ushahidi ni siku nilipokosea. Kuna asubuhi nilikabidhi haraka nikasahau kutaja yale majibu ya maabara ya kitanda cha 9. Nilifika nyumbani, nikaoga, nikazima taa, macho makavu. Nikajigeuza hadi saa nne asubuhi, mwisho nikapiga simu wodini. Simu ya dakika moja. Nilipokata nikalala hapo hapo, kitenge bado begani.

Nyie wa ofisini shida yenu hamna wa kumkabidhi. Basi jikabidhi wewe mwenyewe wa kesho.

#4 Daftari Jekundu

Dada, hili la kujikabidhi limenigonga. Yaani Ijumaa ile nilizima kompyuta nikanyanyuka tu. Sikuandika popote nimeishia wapi. Ndiyo maana niliibeba kichwani siku mbili, nikiogopa isidondoke.

#5 Msoma Gizani

Muuguzi amesema kitu ambacho wanasaikolojia wamekizunguka karibu miaka mia. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti wake kwamba watu wanazikumbuka zaidi kazi zilizokatizwa kuliko zilizokamilika. Waliojaribu kuurudia hawakupata matokeo yanayofanana sikuzote, kwa hiyo tusiufanye msahafu. Ila mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walikuja na jambo ambalo kwangu ndilo tamu. Watu wenye jambo lisilokamilika liliwaingilia kichwani walipopewa shughuli nyingine. Lakini walioachiwa nafasi ya kupanga watalifanya lini na vipi, usumbufu huo uliondoka. Jambo lenyewe lilikuwa bado halijafanywa! Kupanga tu.

Kwa hiyo Mbio Ndefu, akili haiambiwi "usifikirie". Inaambiwa "hili lina zamu yake kesho saa mbili," nayo inaliachia.

Na hizo saa 70 zako tuziongelee kidogo. John Pencavel, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, alichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa kumbukumbu za viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake, na kazi yao ilihesabika kipande kwa kipande, huwezi kudanganya. Hadi kama saa 49 kwa wiki, saa ikiongezwa, vipande navyo vinaongezeka sawasawa. Kuanzia hapo kila saa mpya inaleta kidogo kuliko iliyotangulia. Waliofanya saa 70 walitoa karibu sawa na waliofanya 56. Zile 14 za juu ni kama walikwenda kukaa tu.

#6 Mbio Ndefu

Hiyo ni mizinga, mkuu. Mimi naandika programu.

#7 Fundi Sindano

Kijana, na mimi nashona nguo, lakini ngoja nikusimulie.

Kabla sijasimulia, niseme kwanza kwamba uzi huu ni wa waajiriwa. Mimi sina likizo, sina Jumamosi. Siku nisiyofungua ni siku isiyoingiza kitu. Mtu akiniambia "pumzika" nasikia "usile". Kwa hiyo msinijie na mambo ya kuzima simu, hiyo simu ndiyo mlango wangu wa duka.

Sasa kisa. Msimu wa kazi nyingi, nimelala kibandani siku ya tatu. Sare za watu wanane, harusi kesho yake. Nimebakiza gauni la mwisho. Nimetandika kitambaa, nimekata mwili, nimekata mikono. Ninaunga mkono wa kulia, unakaa vizuri. Nachukua wa kushoto, unagoma. Nageuza, unagoma. Nikauweka mezani pamoja na makapi ya karatasi ya ruwaza ndipo nikaona: nimekata mikono miwili ya kulia. Na kitambaa kimeisha. Yule mteja alivaa shali juu ya gauni kwenye harusi ya mdogo wake, na kitambaa nikalipa mimi. Faida ya sare zote nane ilikwenda na ule mkono mmoja.

Sijui hao wa Stanford wanapimaje, ila mimi kipimo changu ninacho, kiko kwenye boksi la vipande. Sijakitupa.

Siku hizi nafunga siku moja kwa wiki. Mwanzoni wateja walinuna. Nilichofanya ni kuacha kuahidi tarehe nikiwa nimechoka. Mtu akija jioni nachukua vipimo, tarehe namwambia nitamtumia asubuhi. Jioni mimi ni mtu wa "ndiyo, ndiyo, itakuwa tayari". Asubuhi nakuwa na akili ya kukataa.

#8 Zamu ya Usiku

Fundi, umeniua na hiyo mikono miwili ya kulia 😂 pole lakini.

Mbio Ndefu mdogo wangu, kwenye programu huoni mkono umegoma, ndiyo hatari yenyewe. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake unashuka kufikia wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Nchi nyingi hicho ndicho kiwango ambacho ukikutwa nacho kwenye usukani wanakushusha. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, saa ya 17 ni saa tano usiku. Wewe saa tano usiku ndiyo kwanza unajiandaa, sivyo?

#9 Mbio Ndefu

Dada, hapo umeniona kwa dirishani kabisa. 🙈

Nakubali moja: makosa yangu mengi ya kufuta asubuhi niliyaandika usiku. Lakini hamjanijibu la kuoga. Jibu likija, likatae?

#10 Msoma Gizani

Lipokee, liandike neno moja, endelea kuoga. Wazo linalokuja lenyewe halichoshi mtu. Kinachochosha ni kurudia lile lile halafu huna pa kuliweka. Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz waliandika mwaka 2007 kuhusu namna watu wanavyorejesha nguvu baada ya kazi, wakataja nne: kujitenga na kazi kimawazo, kutulia, kujifunza jambo geni linalokupa changamoto, na kuwa na uhuru wa kuamua muda wako. Ona kulala kwenye kochi ni sehemu ndogo tu. Kuna watu wanapumzika kwa kupiga gitaa vibaya.

#11 Mama wa Watatu

Nimewasoma wote kwa utulivu. Naomba niulize swali la kijinga.

Wakati nyie "mnajitenga na kazi kimawazo", vyombo anaosha nani?

Na mimi nimeajiriwa. Na mimi natoka saa kumi na moja. Ila nikifika nyumbani sijatoka kazini, nimebadilisha kituo. Kuna kupika, kuna madaftari ya watoto, kuna sare ya kesho ambayo mtu anakumbuka saa tatu usiku kwamba haijafuliwa. Na hata asiyefanya hayo kwa mikono, kuna kazi ya kuyakumbuka. Sabuni inaisha. Mtoto wa kati ana chanjo Alhamisi. Viatu vya mdogo vimembana. Hiyo orodha haipo ofisini kwa mtu wala haina wa kuipokea, iko kichwani mwangu, na mume wangu ni mtu mzuri sana anayesema "wewe niambie tu cha kufanya".

Niambie tu. Kukuambia nako ni kazi.

Kaka Daftari, nimependa kisa cha ubao. Ila sikuona umesema mama yao alikuwa wapi Jumapili hiyo.

#12 Daftari Jekundu

Alikuwa jikoni.

Sina utetezi, dada. Nimelisoma swali lako jana usiku na sikujibu kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kulijibu ambayo haitaniumbua, nikaikosa.

#13 Kiti cha Mbele

Na mimi nitubu hapa hapa. Nasimamia watu kumi na wawili. Nilikuwa na tabia ya kuandika barua pepe usiku, watoto wakilala, kwa sababu ndio muda wangu wa utulivu. Chini naweka "si ya haraka, jibu ukipata nafasi". Nikajiona mtu muungwana.

Siku moja nikapanga majibu yote kwa saa yaliyoingia. Ujumbe wangu wa saa nne usiku, majibu tisa kabla ya saa tano. Tisa kati ya kumi na wawili! Bosi hana "si ya haraka". Neno hilo mimi ndiye niliyeliamini peke yangu.

Siku hizi bado naandika usiku, sijageuka malaika, ila naupanga ujumbe utoke saa mbili asubuhi. Wiki ya kwanza nilihisi kama mtu aliyeachwa na gari. Sasa nagundua theluthi ya ujumbe huo naufuta asubuhi kabla haujatoka. Ulikuwa wasiwasi wangu tu, nilikuwa nawagawia wenzangu.

Ufaransa waliliweka kwenye sheria, kuanzia Januari 2017 kampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi inatakiwa kukaa mezani na wafanyakazi wajadiliane haki ya mtu kutopatikana nje ya saa za kazi. Ureno mwaka 2021 wakageuza kibao: jukumu likawa la mwajiri, asimsumbue mfanyakazi katika muda wake wa mapumziko isipokuwa kwa dharura isiyozuilika. Mimi nadhani Ureno ndio walioelewa. Aliye chini hawezi kuzima simu ya aliye juu.

#14 Fundi Sindano

Kwani hizi saa nane za kazi kwa siku, mnazoziita za kawaida, alizigawa nani? Maana kibandani kwangu hazijawahi kufika.

#15 Msoma Gizani

Fundi, hazikugawiwa, zilidaiwa. Robert Owen, mwenye viwanda vya pamba huko Uingereza, ndiye anayetajwa kwa ule mgawo wa saa nane kazi, saa nane burudani, saa nane usingizi, mwanzoni mwa karne ya 19. Waashi wa mawe wa Melbourne, Australia, waliweka nyundo chini Aprili 1856 wakaandamana, wakazipata bila kupunguziwa ujira. Chicago walipodai mwaka 1886 damu ilimwagika, na Mei Mosi inatokana na mgomo ule. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919, ulihusu hilo hilo: saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Umesema kweli lakini, viwandani. Aliyejiajiri hakuandikiwa mkataba na mtu.

#16 Mzee wa Benchi

Wanangu, hamjambo. Nimestaafu, kwa hiyo nitasema kwa ufupi, ingawa muda ninao.

Huyu kijana aliyesema tutapumzika tukizeeka. Mimi nilisema maneno hayo hayo. Likizo nilikuwa nasogeza mbele, mwaka huu kuna kazi, mwaka ujao kuna ukaguzi. Wenzangu walikuwa wanajisifia magari, mimi najisifia siku za likizo nilizolimbikiza. Nilipostaafu nyingi zilikuwa zimeshapotea kwa sababu kanuni ilikuwa zisipotumika kwa muda fulani zinafutwa. Nilikuwa najua kanuni hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa nawasomea wengine.

Sasa ninao muda. Ninachokosa ni magoti. Nilikuwa na nia ya kujifunza kuogelea na wanangu, siku hizi wao ndio wananipigia simu wakiwa njiani kutoka kazini, na nawasikia kabisa kwamba wanaangalia kitu kingine wakati wanaongea na mimi. "Subiri kidogo, mzee." Walijifunza kwangu.

Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi walitoa hesabu mwaka 2021: watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliotokana na kufanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki. Kijana, wewe uko saa 70. Sikutishi. Nimewazika wenzangu wawili waliokuwa wanacheka nikiwaambia waende nyumbani, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa nawaambia hivyo saa mbili usiku, ofisini.

#17 Mbio Ndefu

Shikamoo mzee. Nimekusoma. Sina cha kubisha leo.

#18 Daftari Jekundu

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, maana niliona kuna walioniuliza faragha kama lile la kujikabidhi limefanya kazi.

Limefanya, kwa kiasi. Dakika kumi kabla ya kutoka nafungua daftari nakabidhi kama wodini. Mwanzoni niliandika orodha tu, "benki, mishahara, kodi", haikusaidia chochote, nikawa nabeba kichwani vile vile. Ilianza kukubali nilipoandika kama Zamu ya Usiku alivyoandika, yaani kitu kimeishia wapi na hatua inayofuata ni ipi. Siku za kufunga mwezi imenishinda mara mbili, na Jumanne ya juzi nilitoka bila kuandika kwa sababu ya mvua, nikapata usingizi saa saba usiku.

Upande wa nyumbani ndio mgumu zaidi, na simlaumu mtu. Nilimwomba mke wangu tukae tuandike kila anachokikumbuka yeye peke yake. Tulijaza kurasa nne. Ukurasa wa tatu akaacha kuandika akaniangalia tu. Tuligawa. Sio kusaidiana, kugawa: viatu, chanjo na madaftari ya shule ni vyangu kuanzia kuvikumbuka hadi kuvimaliza. Chanjo ya kwanza niliisahau. Hakunikumbusha, tulipatana hivyo. Nilikwenda siku iliyofuata, nikakaa foleni na mtoto kwa muda wa saa tatu, na simu niliisahau nyumbani kwa bahati mbaya, naapa ni bahati mbaya.

Mama wa Watatu, najua utauliza. Vyombo: mimi, Jumatatu hadi Alhamisi.

Kuna aliyeomba aone ukurasa unavyofanana. Huu ni wa Ijumaa, naunakili ulivyo:

"Taarifa ya benki: nimelinganisha hadi tarehe 19, anza na 20. Kuna tofauti ya 63, inagawanyika kwa 9, usiiguse leo. Vocha mbili hazina sahihi, ziko droo ya juu, mpelekee mkuu kabla hajaingia kikaoni saa tatu. Mishahara: nasubiri orodha ya muda wa ziada kutoka stoo, nimeshamwambia, yuko nayo yeye. Viatu vya mdogo namba 28. Nimetoka 11:10 jioni."